Mbuzi wa Mahari Juu ya Gunia la Unga

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sina ugomvi na wahenga, ila hawakupata bahati ya kumjua mke wangu Masika. Miaka yote ya kazi yangu nilishika mbili, kisu cha kukagulia nyama asubuhi na brashi ya rangi jioni, na kilichoniponyoka mpaka leo ni nywele tu. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Vulamba na vitambaa vyenu kwapani, mkilalamika kwamba ofisi imewamaliza, duka limewamaliza, kufundisha kumewamaliza, kaeni hapo kwenye benchi. Mwenye haraka aende zake. Nitamchora akiwa ameshaondoka, mgongo tu.

Kazi yangu ilikuwa uuguzi wa mifugo. Watu waliniita Docta Paluku, nami sikuwasahihisha. Kabla jua halijachomoza nilikuwa tayari machinjioni, na baridi ya Butembo saa hizo mnaijua wenyewe. Mbuzi nilimpapasa shingo na tumbo angali hai. Akishachinjwa, nilimpasua ini kutafuta minyoo, nikabonyeza mapafu, nikanusa. Nyama nzuri niliipiga muhuri wa wino wa zambarau. Nyama mbaya tuliimwagia mafuta ya taa na kuizika, mwenye nayo akinitukana mpaka kwa babu yangu aliyekufa zamani. Mchana nilipanda baiskeli kwenda kwa wafugaji kwenye vilima, na huko baiskeli inakupanda wewe zaidi ya unavyoipanda.

Jioni nilirudi nikinuka. Masika alikuwa na sheria moja, naye hakuibadilisha hata siku askofu alipotutembelea.

"Weye, hapana kuingia mu nyumba na ile harufu! Maji iko kule nyuma."

Nikishaoga, nilichora mpaka chakula kiive. Siri yangu ni hiyo tu, hakuna nyingine. Siku zote nilidhani kwamba ule muda niliupata kwa akili zangu. Nilipostaafu ndipo Masika akaniambia kwamba sokoni alikuwa akichagua maharagwe ya zamani, yale makavu yasiyoiva upesi.

"Sasa ungechoraka saa gani?" alisema. "Kama napika ndakala, ile samaki ndogo ya kuiva mbio, unakula, unalala. Mi nakujua."

Nilimwangalia mama huyo. Nimekula maharagwe magumu maisha yangu yote nikimsikitikia kwamba hajui kuyachagua! Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: tafuteni mtu wa kuwapikia maharagwe magumu. Asipopatikana, yabandikeni wenyewe mkae kando na brashi.

Aliyenifundisha kuchora alikuwa Papa Kakule, fundi wa kuandika majina kwenye maduka na kwenye malori. Alikuwa mfupi, mkali, na suruali yake ilikuwa na rangi zote za mjini. Kitambaa cha kuchorea hakununua kamwe. Alichukua gunia la unga wa ngano, lile la pamba, akalichemsha mpaka maandishi yatoke, akalibana kwenye mbao, kisha akalipaka uji mwepesi wa muhogo uliochanganywa na gundi ya seremala. Ukishakauka alisugua kwa jiwe laini, akapaka tena. Mkiona picha zangu za zamani hazijapasuka, mshukuruni muhogo. Rangi zilikuwa zile za milango na madirisha, kutoka kwa muuza vifaa vya ujenzi. Brashi nilitengeneza mwenyewe, maana manyoya ya mbuzi hayakunipungukia: ya mkia kwa kazi kubwa, ya nyuma ya sikio kwa kazi ndogo, nikiyafunga kwa bati la kopo la nyanya.

"Jicho ni ya mwisho," Papa Kakule alizoea kusema. "Ukianza na jicho, mnyama atakuangalia vile uko nakosea, na utapata haya."

Nililishika neno hilo. Nililolikataa ni lingine. Aliniambia nisipende rangi ya bure, na mimi nilikuwa na wino wa zambarau wa machinjio, chupa tele, mzuri ajabu. Misheni iliponiomba picha ya Mchungaji Mwema ya kuning'inizwa barazani, nilimvalisha kanzu ya wino ule. Watu walisifu, nami kichwa kikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini safari hii maji yalikuja yenyewe. Mvua ya kwanza ilipiga kutoka upande, kanzu ikayeyuka, ikateremka polepole juu ya kondoo. Jumapili waumini walikuta Mchungaji amebaki na kanzu ya majivu na kondoo wote wamepigwa muhuri, tayari kwa kuliwa. Padri alicheka mpaka akaketi chini. Papa Kakule hakucheka. Alinipa kopo la rangi ya bluu na kuniambia nianze upya.

Sasa nakuja kwenye wakati wa vita, maana ndipo nilipofundishwa kuchora mara ya pili, na mwalimu alikuwa mkwe.

Vita mlivyosimuliwa na wazazi wenu sitavirudia. Nitasema tu vilivyokuwa kwa mbuzi. Kila kikundi cha wenye bunduki kilichopita kilikuwa na njaa, na mbuzi hawezi kujificha akanyamaza. Askari walileta machinjioni mifugo ya watu, mingine ina kamba shingoni bado, wakanisimamia: "Docta, beta cachet!" Nami nilipiga huo muhuri wao, maana bunduki haisomi ini. Mfugaji wa Lubero aliyetaka kupeleka mbuzi Beni alijua kila kizuizi barabarani kitachukua wake. Aliondoka na kundi, akafika na fimbo.

Wakati huo mtoto wa marehemu kaka yangu, Muhindo, niliyemlea kama wangu, alimpenda msichana wa Bungulu, kule Beni, jina lake Kahindo. Kijana aliuza nguo za kutoka Kamango, kule mpakani, na hakuwa na tabia mbaya isipokuwa kuimba vibaya. Kahindo naye alimpenda, hilo lilionekana hata kwa kipofu. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Katembo. Kwetu sisi Wanande msichana anaolewa kwa mbuzi. Familia yake inakuja, inawakagua mmoja mmoja, meno, kwato, tumbo, kisha ndipo maneno yanaendelea. Kulikuwa na mfanyabiashara mwenye lori aliyemtaka Kahindo pia, na yeye alitoa dola. Mzee Katembo alimjibu kwamba dola hailii mbele ya mlango asubuhi. Hata hivyo alimwambia Muhindo waziwazi: mbuzi wasipoonekana kabla ya msimu wa kahawa kwisha, atakubali hizo dola, kwa sababu binti hawezi kukaa akingoja vita viishe.

Muhindo alikonda. Alikuja hapa jioni moja, akakaa palepale ulipokaa wewe mwenye shati jekundu, akaniangalia nikichora.

"Baba mudogo," alisema, "Kahindo aliongea na tata yake. Alimuambia eti weye unachoraka mbuzi sawa ziko hai. Mzee alicheka, lakini hakukatala. Alisema tulete iyo picha, ataikagua. Kama iko muzuri, atangoja mbuzi ya kweli mupaka barabara itafunguka."

"Ataikagua namna gani?"

"Sawa vile anakaguaka mbuzi ya kweli."

Masika aliyekuwa jikoni alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anampoteza mke, na katika dunia nzima mimi nilikuwa na magunia ya unga. Lakini moyoni, niwaambie kweli, nilifurahi. Mbuzi! Nani angenizidi kuchora mbuzi? Nilikuwa nawatazama kila asubuhi ya Mungu. Nilikwenda kazini na kipande cha mkaa, nikawachora kwenye zizi la machinjio wakingoja zamu. Nilichora kwato zenye afya, manyoya yanayong'aa, meno safi. Ilikuwa kazi ya kitabibu na ya kisanii pamoja. Papa Kakule aliipitia, akasema mkono wangu umekomaa. Akakuna kidevu, akaongeza ile "lakini" yetu ya Kifaransa, "Mais kuko kitu." Nilimuuliza kitu gani. Alisema hajui, yeye ni mtu wa malori.

Mimi na Muhindo tulikunja gunia, tukapanda gari la mizigo kwenda Beni. Kwenye kizuizi askari kijana alilikunjua.

"Eloko nini oyo?" aliuliza kwa Kilingala, hiki kitu gani.

"Mbuzi," nilimjibu.

Aliangalia nyuma yangu, chini ya gari, halafu gunia tena. Akaanza kucheka. "Papa, pesa ngai moko," alisema, yaani nimpe mmoja. Nilimwambia achague. Akatucheka, akatufungulia njia. Hao walikuwa mbuzi wa kwanza kupita pale bila kupungua.

Bungulu tulikuta wazee wamekaa kwenye viti vyao, pombe ya ndizi iko katikati. Mzee Katembo alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwa jua. Aliagiza gunia litundikwe ukutani, akasimama, akalikaribia. Akaanza na yule wa kushoto. Aliinama kuangalia kwato. Alisogeza uso kwenye mdomo. Wazee wenzake walimfuata nyuma, hakuna aliyetabasamu.

"Huyu iko na minyoo," mmoja alisema.

"Hapana, mzee," nilisema, "ile ni kivuli."

"Kivuli ku tumbo?"

"Jua linatoka juu, donc kivuli kinaenda ku tumbo."

"Basi ungemuchora saa ya mvua."

Hayo niliyavumilia. Lakini Mzee Katembo alirudi nyuma hatua chache, akatazama mbuzi wote pamoja kwa muda mrefu, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Docta," alisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko tusi, "hizi mbuzi ulizichorea wapi?"

"Kazini."

"Ku abattoir, ku machinjio."

"Ndiyo."

"Ona masikio. Yote inaenda nyuma. Ona mukia, ona vile zinafinyana. Hizi mbuzi zinajua zinaenda kufa." Akageuka kwa wazee. "Mi siwezi kutoa mutoto wangu mu nyumba juu ya mbuzi zenye woga. Atapelekaka ile woga kwa bwana yake."

Mimi mwenyewe nilitazama gunia langu na kwa mara ya kwanza nikawaona. Kila mmoja alikuwa ameangalia upande uleule, upande wa mlango wa machinjio. Nilikuwa nimechora kwa uaminifu kabisa kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Muhindo alipofika nyumbani alilala na viatu.

Vijana, kuna hasira inayofaa kazi na kuna inayoiharibu. Ile ya kwanza yangu ilikuwa ya kuharibu. Nilisema yule mzee ni mchawi, ni mkorofi, anataka dola. Masika aliniacha niseme mpaka nikachoka, akaniuliza, "Weye, tangu umeanza kazi, ulionaka mbuzi yenye furaha?"

Nilifikiri. Kwa wafugaji kwenye vilima nilikwenda na sindano. Machinjioni nilikwenda na kisu. Sikuwahi kumwona.

Palikuwa na mjane mtaani kwetu, Mama Kavira, aliyeficha mbuzi wake ndani ya nyumba. Sio uani, ndani, kwenye chumba cha kulala, na mlangoni alitundika pazia la maua kama kwa bibi harusi. Askari wakibisha hodi aliwasha redio ya nyimbo za kanisa na kukohoa sana. Nilimwomba ruhusa ya kuwachora. Alikubali kwa sharti nisimwambie mtu, nami namwambia mtu leo kwa sababu mbuzi hao wote wameshakufa kwa uzee, na yeye amelala makaburini kwa amani.

Siku ya kwanza niliingia tu, wakakimbilia wote kwenye pembe ya chumba. Mmoja alipanda kitanda. Masikio nyuma, mikia chini, macho kwangu. Wakawa gunia langu lilelile.

"Ni harufu yako," Mama Kavira alisema. "Zinasikia damu."

Niliumia, sitawaficha. Nilikuwa nimewatibu mbuzi ujana wangu wote, nikijiona rafiki yao, na kumbe kila mbuzi aliyewahi kuniona alikuwa akiona kifo kimevaa koti. Nilirudi nyumbani nikajisugua kwa majivu na majani ya limau mpaka ngozi ikawaka. Hawakudanganyika. Mwishowe Mama Kavira alitoa kitenge chake cha jikoni, chenye moshi na harufu ya ndizi, akanifunga kiunoni na kingine mabegani. Nikakaa sakafuni nimevaa kama shangazi. Masika alikuja kuchungulia, akaondoka haraka akiwa ameziba mdomo.

Jike mmoja mweupe alinikaribia. Akanusa kitenge. Akaanza kukitafuna.

Kila jioni nilikuwa pale. Nilijifunza kwamba mbuzi aliyetulia hutupa sikio moja mbele na jingine pembeni, hayalingani kamwe. Nilijifunza kwamba akicheua, taya huenda upande na macho huwa ya mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha. Watoto wa mbuzi walipanda juu ya mama yao, wakaanguka, wakapanda tena. Sikuhesabu kwato wala sikutafuta ugonjwa. Nadhani sijawahi kufurahi hivyo tena kwa kuchora. Nje risasi zililia mara kwa mara, na ndani sisi tulikuwa tukicheua.

Tulirudi Bungulu msimu wa kahawa ukielekea kwisha. Mfanyabiashara wa lori alikuwa ameshatuma wajumbe wake na soda. Mzee Katembo alitundika gunia jipya, akaanza tena kushoto, kwato, mdomo, tumbo. Kwenye kivuli cha tumbo nilijiandaa kwa maneno, hayakuja. Alifika kwa jike mweupe, akasimama.

"Hii inakula nini?"

"Kitenge," nilisema.

"Cha nani?"

"Changu."

Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. Kahindo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata. Mzee akacheka. Kwanza mabega tu, kisha tumbo, kisha kofia ikadondoka na tukaona kwamba yeye naye hana nywele.

"Mulete pombe," alisema. "Mais mukwe, nitangoja mbuzi ya kweli. Hii ni ya kuangalia tu."

Walioana, wakakaa hapa kwangu, na gunia likabaki ukutani Bungulu. Ila vita navyo havikuwa na haraka. Muhindo alinunua mbuzi, wakaliwa njiani. Alinunua wengine, wakaliwa pia, na aliyewasindikiza alirudi bila viatu. Kila mara salamu ilitoka Bungulu: Mzee anauliza mbuzi. Kwetu hilo si mchezo. Baba anaweza kumwita binti yake arudi nyumbani, na hakuna atakayemlaumu. Kahindo alikuwa na mimba, na kila mgeni wa kutoka Beni alipobisha hodi niliona mkono wake unakwenda tumboni. Muhindo aliacha hata kuimba, nasi tukatamani atuudhi tena.

Kisha mapigano yakaikaribia Beni. Watu walikuja Butembo kwa miguu, barabara nzima, magodoro vichwani. Mchana mmoja wa mvua Mzee Katembo alisimama hapa mlangoni na mkewe. Walikuwa na matope mpaka magotini. Hawakuwa na sufuria wala blanketi. Mama alishika rozari, na mzee alikuwa na kitu kirefu begani, amekifunga kwa plastiki.

Masika aliwavua viatu kwa mikono yake. Kahindo alilia kwenye kifua cha mama yake. Muhindo alitoka chumbani, akawaona, akapiga magoti mbele ya mkwe wake na kichwa amekiinamisha.

"Tata, unisamehe. Mbuzi hazikufika."

Mzee Katembo alikata kamba ya plastiki, akalitandaza gunia hapa sakafuni, katikati yetu, akalilainisha kwa viganja viwili.

"Majirani yangu bote balikimbia na mbuzi," alisema. "Kila barrière ya askari ilikamata yake. Balifika na kamba tupu, banalia njiani sawa batoto. Ona mi. Ona zangu." Alinyoosha kidole kwa kila mmoja, polepole, kuanzia kushoto. "Yote iko. Hakuna hata moja ilibakia njiani. Mutoto wangu, simama. Mali yangu umeleta. Imetimia, na hawa bote ni bashahidi."

Kahindo alimwinua Muhindo. Masika aligeuza uso ukutani. Mimi nililia, na sioni kwa nini niwafiche.

Mzee alikuwa ameshainama tena juu ya gunia, amekunja nyusi.

"Mais docta," alisema, "huyu mweupe mvua ilimuingia ku sikio. Umutunze."

Nilileta rangi na brashi ndogo, nikapiga magoti. Sikio lilikuwa limebabuka kweli, lile la mbele. Nilianza kulitibu taratibu, na Mzee Katembo akashikilia ukingo wa gunia kwa mikono miwili, asije mbuzi akatikisika.